MTU WA MJINI NA JEMBE LAKE

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya watumishi wanaokaribia kustaafu pamoja na jamaa zao, ambao wengi wao wanakusudia kuhama mjini na kwenda kukaa mashambani.



Nimeombwa niwaeleze habari za maisha ya shamba, nyinyi mliokaa mjini miaka 20 au 30, mkila mahindi msiyoyapanda na kunywa maziwa bila kumjua ng'ombe aliyeyatoa. Naona wengi wenu mnacheka. Ni vizuri. Kicheko hicho mkitunze sana, kwa maana mtakihitaji wiki ya kwanza ya palizi.

Neno langu la leo ni moja. Mtu wa mjini ahamiaye shambani hana budi kuchekwa, na kuchekwa huko ndiyo karo ya shule ya shamba. Ailipaye karo hiyo mapema, kwa moyo mweupe, hujifunza kazi na kula mavuno yake. Aikataaye, akaona haya kuuliza kwa sababu zamani alikuwa mkubwa ofisini, huilipa baadaye kwa mifugo yake na mazao yake, na pengine kwa uhai wa watu wa nyumbani mwake.

SI JAMBO GENI KATIKA NCHI HII

Msidhani kwamba nyinyi ndio wa kwanza kushika kazi msiyoijua. Katika nchi yetu ya Kenya wako wakulima hodari wengi ambao babu zao walianza kwa kuchekwa. Kwa miaka mingi wakulima Waafrika walio wengi walizuiwa kupanda kahawa. Mpango wa kilimo wa mwaka 1954, uliotungwa na Bwana Swynnerton wa Idara ya Kilimo, ndio uliowafungulia njia wakulima wadogo wengi kulima kahawa, majani ya chai na pareto. Watu wale waliopanda miche ya kwanza hawakuzaliwa wakijua kupogoa kahawa. Walifundishwa, wakakosea, jirani zao wakawacheka, wakafundishwa tena.

Kisha, kuanzia mwaka 1962, ukaja mpango wa kugawa eka milioni moja za mashamba makubwa yaliyokuwa ya Wazungu, na jamaa zipatazo 35,000 zikapewa mahali pa kukaa na kulima. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawajapata kumiliki ng'ombe wa gredi hata mmoja. Mwaka 1964 Mzee Jomo Kenyatta aliwahimiza wananchi warudi mashambani, hasa wale waliokuwa wakizunguka mijini bila kazi.

Jambo hilo tumeliona tena juzi juzi. Mwaka 2020, tarehe 13 Machi, mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini, na tangu Aprili hadi mwanzo wa Julai watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi ila kwa ruhusa. Kabla ya njia kufungwa, na tena zilipofunguliwa, watu wengi waliokosa kazi walikwenda kwao. Vijana waliolijua jembe kwa picha tu wakaamshwa alfajiri na nyanya zao. Baadhi yao waliukimbilia mji tena mara tu walipopata nauli. Wengine wamekaa huko huko hata leo, nao sasa ndio wanaowacheka wageni.

Basi hakuna azaliwaye na mpini mkononi. Tofauti ya mwenyeji na mgeni ni kwamba mwenyeji alichekwa zamani, akasahau.

SHAMBA LA KARATASI

Mtu wa mjini huanza kulima kwenye karatasi, na shamba la karatasi halijapata kukosa mvua. Bwana huketi jioni na kalamu yake. Ameambiwa kwamba mahindi hupandwa mstari hadi mstari sentimeta 75, na shimo hadi shimo sentimeta 25. Anapiga hesabu: eka moja ni mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo itachukua miche zaidi ya 21,000. Hesabu yake ni sawa kabisa. Anaendelea: kila mche utazaa hindi moja kubwa, na kila hindi lina bei yake. Kabla hajafika ukurasa wa tatu amekwisha kununua gari, na kabla hajalala amemwachisha kazi dereva wake kwa ulevi.

Ambalo karatasi haikumwambia ni kwamba miche 21,000 ni mashimo 21,000, na kila shimo lataka mgongo wa kuinama. Tena kunguru hufukua mbegu nyuma yako kana kwamba mmekubaliana. Tumbili hawakusoma hesabu. Wako na viwavijeshi wale wageni, waliothibitishwa nchini mwaka 2017, ambao hula moyo wa mche usiku wakati mwenye shamba anaota habari za gari lake.

Wengi wenu mnakumbuka mambo ya kware mwaka 2013 na 2014. Ilisemekana kwamba mayai ya kware ni dawa ya kila ugonjwa, na bei ikapanda sana. Watu wa mji wakajenga vizimba nyuma ya nyumba na juu ya nyumba, wakatafuta leseni, wakakopa fedha. Muda si muda kila mtu akawa muuzaji na mnunuzi hakuonekana. Bei ikaanguka, na kware wakaliwa na wenyewe kwa huzuni. Kosa halikuwa la ndege yule. Kosa lilikuwa la kuingia katika kazi kwa sababu jirani ameitaja kwa sauti kubwa, bila kuuliza kwanza ni nani atakayenunua mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili.

Kadhalika katika mbegu. Bwana mmoja husikia kwamba ndugu yake wa Kitale huvuna mahindi marefu kama miti, naye hununua mbegu ile ile na kuipeleka Ukambani kwenye mvua chache. Mbegu za nyanda za juu hukaa shambani miezi 6 au zaidi kabla ya kukomaa. Mahindi ya Katumani, ambayo yalitengenezwa kwa ajili ya nchi kavu ya Machakos na mfano wake, hukomaa kwa miezi 3 au 4. Mvua ya Ukambani haitangoja mbegu ya Kitale, hata kama mwenyewe ana cheti cha utumishi mwema. Mwulize bwana shamba au mama wa jirani, "Hapa watu hupanda nini, na lini?" Swali hilo halina bei, na jibu lake laweza kuokoa mavuno ya mwaka mzima.

Nami nawashauri hivi: mwaka wa kwanza usilime eka zako zote. Lima robo ya eka kwa mikono yako mwenyewe. Ukishindwa, utakuwa umeshindwa robo. Ukifaulu, mikono yako itakuwa imejua kiasi cha kazi unayotaka kuwapa watu wengine, na hapo hutadanganywa juu ya siku wala juu ya ujira.

JEMBE HALINA CHEO

Iko methali isemayo, mchagua jembe si mkulima. Mtu wa mjini hufika akiwa na viatu vya mpira vipya, kofia mpya, glavu mpya na jembe lenye karatasi ya duka. Hulima dakika 10, husimama dakika 20 kutazama mandhari, kisha hulaumu mpini. Siku ya pili viganja vimetoka malengelenge. Siku ya tatu hawezi kufunga vifungo vya shati. Wenyeji humtazama kutoka ng'ambo ya mto wakihesabu mara anazosimama, na habari hizo hufika sokoni kabla ya yeye kufika.

Usiudhike. Mlimaji mzee hatumii nguvu nyingi kuliko wewe. Pengine anatumia chache. Huinua jembe kwa kipimo, huliacha lianguke kwa uzito wake, na hupumzika kabla hajachoka. Huanza mapambazuko na kuacha jua linapopanda. Wewe umetoka nyumbani saa nne baada ya chai, ukafika shambani wakati jua nalo limefika.

Halafu yako mambo ya palizi. Mche mchanga wa mahindi na baadhi ya majani ya mwituni hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Mgeni hupalilia kwa bidii kubwa tangu mwisho mmoja hata mwisho mwingine, na mkewe akija kutazama hukuta magugu yamesimama katika mistari safi na mahindi yamelala kando. Kuyajua si kugumu: mahindi uliyoyapanda kwa kamba yamo ndani ya mstari, na jani lake ni pana zaidi. Lakini ni lazima mtu akuonyeshe kwa kidole mara moja, na ili akuonyeshe sharti umwambie kwamba hujui.

Katika nchi ya milima kuna somo jingine. Mtu mgeni hulima kufuata mteremko kwa sababu ni rahisi kwa miguu, na mvua ya kwanza huchukua udongo wake mzuri na kumpelekea mtu aliye bondeni, asiyemjua wala asiyemlipa. Watu wa Machakos hutumia ngazi ziitwazo "fanya juu". Jina lenyewe ni maelezo: unachimba mfereji kukingama mteremko, na udongo unautupa upande wa juu ukawa tuta. Mgeni huutupa upande wa chini, kwa kuwa udongo hupenda kuteremka na mtu hupenda kuutii. Lakini ukiutupa juu, tuta huzuia udongo unaoshuka na mvua, na mwaka kwa mwaka shamba hujisawazisha lenyewe. Tazama milima ile leo uone jinsi jasho la wazee na akina mama lilivyoishika ardhi isiende.

NG'OMBE HANA SIKUKUU

Mjini mtu alizoea Jumapili, sikukuu za Serikali na likizo ya mwaka. Ng'ombe wa maziwa hajasikia habari hizo. Atakamwa asubuhi na jioni, Krismasi na Idi, siku ya harusi na siku ya msiba. Ukichelewa saa mbili atalia mpaka mtaa mzima ujue kwamba umelala.

Kukamwa kwenyewe ni elimu. Mgeni humjia ng'ombe kwa nyuma, kimya kimya, kama karani aliyechelewa kazini. Ng'ombe hushtuka, ndoo huenda upande wake na bwana huenda upande wake. Kwa kweli ng'ombe aliyeshtuka huyazuia maziwa yake, hata ukamvuta chuchu mpaka usiku. Mwendee mbele akuone. Sema naye, mwimbie ukitaka. Mwoshe kiwele kwa maji ya vuguvugu na kitambaa safi, umkaushe, kisha ukame upesi bila kukatiza, kwa sababu maziwa yakishaachiliwa hayangoji zaidi ya dakika chache. Mtu akipigiwa simu katikati ya kukama, aiache simu ilie.

Tena ng'ombe ana kalenda yake. Hurudi kwenye joto kila siku 21 au karibu na hapo. Akipanda wenzake, akilia bila njaa, na ute mwangavu ukionekana nyuma, hizo ndizo dalili. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni ya siku ile ile. Akionekana jioni, apandishwe asubuhi ya kesho. Mgeni ambaye hajui hudhani ng'ombe wake ana wazimu au amerogwa, humpa maji na kumfungia bandani. Siku 21 zimepotea. Akifanya hivyo mara 4, karibu miezi 3 ya ndama na maziwa imepita, naye bado anatafuta mchawi.

Ng'ombe akizaa, maziwa ya kwanza huwa mazito na ya manjano. Haya huitwa dang'a. Watu wa mjini huyaona kuwa yameharibika wakayamwaga. Mabwana, hiyo ndiyo kinga ya ndama! Mtoto yule amezaliwa bila nguvu ya kupigana na magonjwa, na nguvu hiyo imo ndani ya dang'a. Yafaa ainywe ndani ya saa 6 za kwanza, na ikiwezekana mapema zaidi. Umwagapo dang'a unamwaga ndama.

Mkumbuke pia maji. Kwa kila lita moja ya maziwa, ng'ombe ahitaji kunywa lita 3 au zaidi. Ampaye ndoo moja asubuhi na kungoja ndoo moja jioni anataka muujiza. Na kupe msiwadharau kwa udogo wao. Yule kupe wa kahawia akaaye masikioni huleta ndigana kali, na ng'ombe wa gredi aliyenunuliwa kwa fedha za malipo ya kustaafu aweza kufa kwa siku chache. Kunyunyiza dawa kwa ratiba hugharimu fedha kidogo sana kuliko kumzika ng'ombe.

JAMBO LISILO LA KUCHEKA

Hadi hapa tumecheka pamoja. Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana nataka kusema habari ya ujinga mmoja ambao haumwachi mtu aje kujifunza mwaka wa pili.

Mwaka 2004, katika nchi ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 walijulikana kuwa wameugua kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na 125 kati yao wakafa. Mengi ya mahindi hayo hayakutoka mbali. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyowekwa yakiwa mabichi mahali penye unyevu. Kuvu ilimea na kutoa sumu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi.

Angalieni kwamba waliopata msiba huo walikuwa wakulima wa siku nyingi. Ikiwa hatari hii yaweza kumpata mwenyeji, mgeni asemeje? Yeye huvuna kwa haraka kabla ya mvua, huona punje zimekuwa ngumu kwa nje, huzijaza katika gunia la plastiki, huliegemeza gunia ukutani juu ya sakafu ya saruji, kisha hupiga picha na kuwapelekea rafiki zake wa mjini. Picha ni nzuri. Ndani ya gunia moto na unyevu vimekwisha kuanza kazi.

Fanyeni hivi. Mahindi yakaushwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Yaanuliwe jioni na yanyeshewapo. Yapukuchuliwe bila kupigwa kwa fimbo hata punje zikapasuka, maana ufa wa punje ndio mlango wa kuvu. Kipimo cha kuhifadhi ni unyevu usiozidi sehemu 13 na nusu katika mia.

Mtaniuliza, "Tutajuaje bila mashine?" Wako wenye kipimo, nanyi waombeni. Lakini iko njia ya nyumbani ambayo hata mtoto aweza kuifanya. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja, uache itulie dakika 15. Chumvi ikishika pande za chupa, mahindi yana maji zaidi ya sehemu 15 katika mia, na bado hayafai ghala. Chumvi isiposhika, yamekaribia. Nawe uyaanike siku moja au mbili zaidi ili kuwa na hakika. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali penye hewa.

Na mahindi yaliyoota kuvu msiseme, "Tusiyatupe, tumpe ng'ombe." Sumu hiyo hupita ndani ya ng'ombe ikatokea katika maziwa, na maziwa hayo humrudia mtoto wako mezani. Yaharibuni.

Mtu aliyekwenda kwa jirani yake na kusema, "Mama, mimi sijui kama mahindi haya yamekauka, njoo unitazamie," atachekwa kidogo kwa kuwa punje alizileta katika mfuko wa suti. Lakini jamaa yake itakula salama. Ndiyo maana nasema kwamba kuona haya ni ghali kuliko kuchekwa.

UKULIMA WA SIMU

Wako wengine wanaotaka kukwepa karo hii kwa kukaa mjini na kulima kwa simu. Siwakatazi wote, maana wapo waliofaulu kwa kuwa na msimamizi mwaminifu, kwenda kutazama mara kwa mara na kuweka hesabu. Lakini wengi husikia habari za shamba lao kama watu wasikiavyo habari za vita vya nchi za mbali. Kila Jumamosi simu hulia: maji yamekatika, dawa imekwisha, kuku 5 wamechukuliwa na mwewe. Ajabu ni kwamba mwewe wa mashamba hayo huzidi kuwa na njaa karibu na Krismasi, tena hupenda majogoo wakubwa tu.

Bwana hutuma fedha. Baada ya msimu hufika kwa gari na wageni wake ili awaonyeshe nyanya. Hukuta magugu yamemzidi kimo, na mfanyakazi amevaa viatu vipya. Hapo bwana hukasirika na kusema kwamba watu wa mashambani ni wezi. Lakini na tuseme kweli: yeye hakujua nyanya zataka dawa mara ngapi wala zataka siku ngapi za kazi, na asiyejua kazi hawezi kuisimamia. Pengine mfanyakazi alimdanganya, na pengine alimwambia kweli naye asiweze kuitambua. Pia mshahara wa mtu huyo ulicheleweshwa miezi miwili, na ng'ombe hakamwi vizuri na mtu mwenye njaa.

HABARI ZA JIRANI

Mjini mtu aweza kukaa miaka 10 bila kujua jina la mtu aliye ng'ambo ya ukuta. Shambani ukipita watu watatu bila kuwasalimu, jioni kijiji kizima kitauliza umeudhiwa na nani. Salamu hazipotezi wakati. Katika salamu ndimo utakamosikia kwamba mvua imeonekana upande wa pili wa mlima, kwamba kuna ugonjwa wa kuku, kwamba mnunuzi wa maharagwe atapita Alhamisi. Hilo ndilo gazeti la huko, nalo hulipwa kwa kusimama na kuuliza, "Watoto hawajambo?"

Tena kazi nyingi za shamba hazimalizwi na mtu mmoja. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, Wajaluo wana saga. Majina ni mbalimbali, maana ni moja: leo twende kwako, kesho twende kwangu. Mgeni mwenye fedha huona ni rahisi zaidi kutuma pesa kuliko kwenda mwenyewe. Pesa zitapokewa kwa shukrani. Lakini siku ng'ombe wake atakapoanguka shimoni saa saba za usiku, hatahitaji pesa. Atahitaji watu 8 wenye kamba, na watu wa namna hiyo huwekwa akiba kwa jasho.

Nawaomba pia mwasikilize akina mama. Sehemu kubwa ya kazi ya shamba katika nchi yetu hufanywa na wanawake, na elimu ya mbegu, ya udongo na ya ghala imo mikononi mwao. Bwana aliyezoea kuamuru makarani 20 huona vigumu kuambiwa na mama mzee asiyejua kusoma kwamba amepanda maharagwe kina kirefu mno. Avue cheo, ainame, ayapande upya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na shambani karibu kila kitu ki mvunguni.

Nanyi wenyeji, mtakaosoma maneno haya, nina ombi kwenu. Mchekeni mgeni, maana ni haki yenu, lakini mkimaliza kucheka mshikeni mkono mkamwonyeshe. Msimwuzie ng'ombe mzee kwa bei ya mtamba kwa sababu tu amevaa tai. Mgeni huyo huja na vitu mnavyohitaji. Ajua kuweka daftari. Ajua kusoma maandishi madogo katika chupa ya dawa, yale yanayosema ni siku ngapi maziwa yasinywewe baada ya ng'ombe kutibiwa. Ajua kuuliza maswali ya hesabu katika mkutano wa chama cha ushirika, wakati mweka hazina anapotaka mkutano ufungwe mapema. Kijiji chenye mtu wa namna hiyo, aliyekubali kufundishwa na akakubali kufundisha, ni kijiji chenye bahati.

Bwana Mwenyekiti, nisizidi kuwachosha. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nawaambia ninyi msingoje siku ya tatu, wala msingoje kupewa. Siku ya kwanza mwendeni jirani, mpigeni hodi, mwombeni awaonyeshe jinsi ya kulishika. Atacheka. Chekeni naye, kisha mfuateni shambani.

Nawatakia mvua za wakati wake, ghala kavu, na ng'ombe wapole.